Kabla hujanunua rejeta ya hotrodi, kata boksi kwanza

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaojenga hotrodi, yaani magari ya zamani yaliyotiwa injini yenye nguvu, ni hili: "Ninunue rejeta ya safu ngapi za mirija?" Nami huwa najibu kwa swali: kati ya pampu ya maji na grili una sentimita ngapi? Mara nyingi simu inanyamaza kidogo, halafu nasikia mtu anavuta droo kutafuta futi.

Siwacheki. Rejeta yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Gari lenyewe ni Ford ya mwaka 1932 ya milango miwili, ile ambayo wapenzi wa hotrodi huko Marekani waliibatiza Deuce, yaani mbili, kwa sababu ya ile 2 ya mwishoni mwa mwaka. Ndani yake niliweka V8, injini ya silinda nane, ya Chevrolet yenye ujazo wa inchi 350 za mchemraba, ndoa ya kawaida kabisa katika mambo haya. Rejeta iliyoniteka moyo ilikuwa ya alumini, safu nne, imesuguliwa mpaka unajiona meno. Muuzaji aliniambia hii itapoza hata lori. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Ilipofika, ilikaa mahali pake vizuri. Tatizo ni kwamba feni haikuwa na pa kukaa tena. Unene wa zile safu nne ulikuwa umekula nafasi yote. Nikang'oa feni ya injini, nikanunua mbili nyembamba za umeme, nikazibana moja kwa moja kwenye mapezi, vile vibati vyembamba kati ya mirija, kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenya katikati ya rejeta (usivitumie kamwe, vinasugua mirija mpaka inatoboka). Barabarani gari lilikwenda raha mustarehe, mshale wa joto umetulia kwenye nyuzi 85. Tulipoingia kwenye foleni ukaanza safari: 90, 95, 105. Ulipovuka 115 kifuniko cha rejeta kikasonya kama shangazi aliyeudhiwa, kisha maji yakamwagika barabarani mbele za watu, mimi nikiwa nimesimama kando na kitambaa mkononi.

Aliyenifumbua macho alikuwa fundi mmoja mzee aliyepita gereji kwa udadisi tu. Alichana karatasi ya daftari, akaniambia niwashe feni zote mbili. Akaiweka mbele ya rejeta, usawa wa feni: ikanata. Akaisogeza upana wa kiganja pembeni: ikaanguka. Akaiokota, akaijaribu kona ya juu: ikaanguka tena. Akaizungusha hivyo rejeta nzima bila kusema neno. Tulipomaliza, picha ilikuwa wazi: duara mbili zinavuta hewa, na kwingine kote kumelala. Karibu nusu ya rejeta niliyoilipia ilikuwa pambo.

Tangu siku hiyo hesabu zangu zinaanzia kwenye hewa. Kwa makadirio ya jumla, joto la petroli inayoungua hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: moja linasukuma gari, moja linatoka na moshi wa egzosi, moja linaingia kwenye maji. Hilo la tatu halina njia nyingine ya kuondoka isipokuwa na hewa inayopita kwenye mapezi. Ukiikanyaga injini mpaka mwisho, joto ni jingi lakini upepo nao ni mwingi. Kwenye foleni injini haitoi hata sehemu ya kumi ya joto lile, ila upepo haupo kabisa, na feni ndiyo inabeba mzigo wote peke yake. Ndiyo maana hotrodi nyingi hufedheheka zikiwa zimesimama.

Hapo pia unapata kipimo cha haraka cha ugonjwa. Gari linalochemsha likiwa limesimama na kutulia likikimbia lina shida ya feni, kava la feni au mapezi yaliyoziba. Linalochemsha kwa mwendo wa kasi lina shida upande wa maji: mirija imeziba, rejeta ni ndogo kuliko injini, pampu imechoka, au mpira wa chini, bomba linalorudisha maji kwenye injini, unanywea. Huo mpira wa chini uko upande ambao pampu inavuta, kwa hiyo ukiwa laini na hauna springi ndani, injini ikizunguka kwa kasi unabonyea kama mrija wa soda. Ukizima injini unarudi kuwa mzima, na wewe unabaki kulaumu rejeta. Nimewahi kukuta mtu kabadilisha rejeta mbili kwa ajili ya mpira mmoja.

Sasa turudi kwenye ile futi. Usipime chochote mpaka injini imekaa kwenye chasi kwa mauntini zake za mwisho, ikiwa na pampu, puli, feni na fenibelti, na grili imesimama mahali pake. Kisha chukua boksi gumu, ukate umbo la rejeta unayoitaka: upana, urefu, na zaidi ya yote unene. Bandika kwa gundi ya karatasi hata matangi na sehemu za mipira. Liweke kwenye gari, shusha boneti, zungusha feni kwa mkono. Mimi nataka niingize kidole gumba kati ya feni na rejeta, yaani milimita 25 hivi, kwa sababu injini haitulii mahali pamoja: ukifunga breki ghafla inasogea mbele kidogo, na mapanga ya feni hayana huruma. Boksi hili linakugharimu jioni moja tu. Rejeta ya alumini iliyokosewa inakugharimu mengi, na ugomvi wa nyumbani juu yake.

Kama boksi halitoshi, usikimbilie kununua rejeta nyembamba. Angalia pampu kwanza. Chevrolet za V8 ndogo zina pampu za aina mbili, fupi ya magari ya miaka ya 1950 na 1960, na ndefu iliyokuja mwaka 1969 kwenye magari mengi. Tofauti yake ni zaidi ya sentimita 3, na ndani ya pua ya Deuce sentimita 3 ni shamba. Mimi ndicho nilichofanya mwishowe: nikarudi kwenye pampu fupi, feni ya injini ikapata nafasi yake. Kumbuka puli na vishikizo vya alteneta lazima viwe vya pampu hiyo hiyo, ama sivyo mkanda utakwenda upogo. Na kama injini yako imetoka kwenye gari la karibuni lenye mkanda mmoja mpana unaozunguka kila kitu, angalia mwelekeo. Baadhi ya pampu hizo huzungushwa kinyumenyume, kwa mgongo wa mkanda. Ukiichukua pampu hiyo na kuifunga na mkanda wa kawaida, itazunguka kinyume cha ilivyoundwa, maji hayasukumwi inavyopaswa, na hakuna rejeta duniani itakayokuokoa.

Jingine la kuandika kwenye boksi ni mahali pa mipira. Kwenye Chevrolet hiyo mpira wa chini unaingilia pampu upande wa kulia, ukiwa umeketi ndani ya gari unatazama mbele. V8 za Ford zinabadilika kwa miaka, wengine kulia, wengine kushoto, kwa hiyo angalia iliyo mbele yako, usisikilize ya mtu. Ukiagiza rejeta yenye tundu upande usio wako, utalazimika kupitisha mpira chini ya puli ya kranki, na mpira unaopita hapo una siku zake za kuishi.

Umbo la rejeta karibu linajichagua. Grili ya magari ya miaka ya 1930 na nyuma yake ni ndefu na nyembamba, hivyo maji yanashuka kutoka tangi la juu kwenda la chini. Zile ambazo maji yanakwenda ubavu hadi ubavu, matangi yakiwa kushoto na kulia, zinafaa gari lenye pua pana na fupi. Kwa Deuce au Model A, Ford iliyoitangulia, usihangaike, chukua ya kushuka. Ila kama umeshusha bodi juu ya chasi na kuifupisha grili, angalia jambo moja: mdomo wa rejeta unaweza kuwa chini kuliko kichwa cha injini. Hewa itajikusanya juu ya injini na hutaitoa kwa kumimina maji tu. Weka mdomo wa kujazia mahali palipo juu kuliko kote, hata kama ni kwenye mpira wa juu, au nyanyua pua ya gari wakati wa kujaza.

Tufike kwenye safu, maana najua unazisubiri. Idadi ya safu peke yake haikuambii kitu. Mirija ya rejeta za shaba huwa na upana wa nusu inchi hivi au zaidi kidogo, kwa sababu ukiipanua sana kuta zake laini hutuna kwa presha. Mirija ya alumini inaweza kuwa na upana wa inchi nzima au zaidi. Kwa hiyo safu mbili za mirija mipana ya alumini zinagusa mapezi sawa na safu nne za shaba, au kuzizidi. Halafu fikiria hewa yenyewe. Inaingia safu ya kwanza ikiwa baridi, inafika ya pili imeshapata joto, na ikifika ya nne imechoka. Safu ya nne inapoza kidogo sana, lakini inazuia hewa kama zile tatu za mbele. Hivyo hivyo mapezi: yakisongamana sana feni dhaifu haiwezi kuvuta, na wadudu na vumbi hujaa upesi. Mimi natosheka na mapezi 12 hadi 14 kwa inchi. Kabla hujaenda kwenye unene, malizia kwanza eneo: kila sentimita ya upana na urefu ambayo grili inakuruhusu.

Shaba au alumini? Shaba nyekundu inapitisha joto kuliko alumini, hilo halibishaniwi. Lakini ndani ya rejeta ya kizamani mapezi ya shaba yameunganishwa na mirija kwa lehemu ya risasi na bati, na lehemu hiyo ni mpitishaji hafifu wa joto ukiilinganisha na yote mawili. Ya alumini imeunganishwa kwa alumini. Ukijumlisha na ile mirija mipana, alumini nzuri inashinda, tena ni nyepesi. Shaba inashinda kwa mambo mawili: sura, na matengenezo. Ikitoboka fundi yeyote mwenye mkono mzuri wa lehemu anaiziba mchana huo huo, wakati alumini inataka mtu wa kuchomelea kwa gesi ya agoni, na si kila anayejiita fundi anaweza kuchomea bati jembamba hivyo bila kuliyeyusha. Kwa gari ambalo mtu anatazama puani na kuona tangi la shaba likiwaka juu ya grili, mimi ningeweka shaba na kufidia kwa feni. Kwa gari la kwenda mbali, alumini, na kama macho yanauma ipake rangi nyeusi ya kumeta kidogo. Tabaka jembamba la rangi haliipunguzii kitu cha kuhisi.

Kava la feni ndilo watu wanalolitupa. Wanasema linaficha injini nzuri. Bila kava, feni inavuta hewa ya duara lake tu, na nyingine inaiokota pembeni, hewa ile ile ya moto iliyokwisha kupita. Kava linalofunika rejeta nzima ukingo kwa ukingo linailazimisha feni kuvuta kila kona. Mapanga yakae nusu ndani na nusu nje ya tundu la kava, na nafasi kati ya ncha za mapanga na ukingo iwe ndogo kadiri injini inavyoruhusu. La kwangu nilikata kwenye bati mwenyewe, baya ukiliona karibu, na lilifanya kazi kubwa kuliko ile rejeta ya safu nne. Kama lazima utumie feni ya umeme, iweke nyuma ya rejeta ivute, kwa sababu ikikaa mbele inauziba upepo wa barabarani. Ipe rilei, fyuzi na waya mnene, maana feni kubwa inakula ampea 20 hata 30, na alteneta ya zamani haitakuvumilia.

Hewa ikiingia lazima itoke. Wengi wetu tunaendesha hotrodi bila pande za boneti, na injini inapumua. Siku unapofunga zile pande ili gari lipendeze kwenye maonyesho, usishangae mshale ukipanda nyuzi 5.

Kifuniko cha rejeta nitakipitia haraka. Kila pauni moja ya presha kwa inchi ya mraba inaongeza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1.5 za Selsiasi, kwa hiyo kifuniko cha pauni 15 kinayasogeza maji matupu mpaka karibu 120 kabla hayajachemka. Alumini mpya inakihimili. Tangi la zamani la lehemu, lililotengenezwa enzi ambazo mfumo haukuwa na presha kabisa, ukilifunga kifuniko hicho utalifungua kama kopo. Hapo anza na pauni 4, usipite 7. Na uweke chupa ya kupokea maji yanayotoka, gari likipoa yarudi yenyewe.

Thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto, usiitoe. Najua kuna jirani atakwambia uitoe, na mwingine atakwambia maji yakipita haraka hayapati muda wa kupoa. Huyo wa pili anakosea, kwa sababu maji yanayopita haraka yanarudi haraka pia, na joto linaloondoka kwa jumla haliwi pungufu. Lakini anayeitoa anakosea pia: kizuizi kile kinasaidia pampu kujenga presha ndani ya injini, na presha hiyo inazuia mapovu ya mvuke kando ya vyumba vya moto. Weka ya nyuzi 82 na uiache ifanye kazi yake.

V8 ya flathedi, ile yenye vali ndani ya bloku badala ya kichwani, ina mlango wake wa peke yake. Ford waliitoa mwaka 1932, na moshi wake unapita ndani ya bloku, katikati ya maji, kabla haujatoka ubavuni. Silinda nane, matundu ya moshi matatu tu kila upande. Kwa hiyo joto ambalo injini nyingine inalitupa kwa egzosi, hii inayapa maji kwanza. Ina pampu mbili, mipira miwili ya juu na miwili ya chini, na thamostati mbili, na gari zima linabeba maji karibu lita 20. Ukinunua rejeta yenye matundu mawili tu kwa ajili ya injini hii umenunua ya gari lingine. Tena kabla ya kununua, safisha bloku. Mle ndani hukaa kutu ya miongo na, kwenye nyingi, mchanga wa kalibu tangu injini ilipokuwa inasubiwa. Vyote hivyo vitasafiri na maji na kuingia kwenye mirija myembamba ya rejeta yako mpya.

Kufunga. Chasi ya kale inajipinda, hasa kwenye mashimo, na rejeta iliyokazwa kwa bolti kama kitasa itapasuka kwenye viungo. Ford wenyewe waliweka springi kwenye bolti za rejeta, na mimi sijaona sababu ya kuwasahihisha: mpira chini, springi juu ya bolti, nati ikazwe mpaka springi ianze tu kubonyea. Kama una giaboksi ya kujibadilisha, agiza tangi la chini lenye kipoza mafuta ndani, au tenga sehemu ya kipoza chake peke yake. Mafuta ya giaboksi yana joto lake na hayajali kwamba ulifanya hesabu ya injini tu.

Maji ya bomba yaache kwa bustani. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu, hata mahali pasipo na baridi, kwa ajili ya kutu. Kisha chukua mita ya volti, washa kila kitu cha umeme, chovya ncha moja kwenye maji bila kugusa chuma, nyingine shika kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya 0.1 na rejeta ni ya alumini, umeme unapitia kwenye maji na unaila rejeta kimyakimya. Mara nyingi mkosaji ni waya wa hasi wa feni uliofungwa kwenye rejeta yenyewe. Upeleke kwenye chasi.

Na soksi. Kata kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya kike, kiingize kwenye mpira wa juu upande wa rejeta, ukunje mdomo wake nje ya bomba, ubane na klipu. Ya kwangu niliifungua baada ya kilomita mia moja za kwanza. Ilikuwa imejaa unga mwekundu wa kutu, kijiko cha chai kizima, na vipande viwili vya gasketi ambavyo mpaka leo sijui vilitoka wapi. Nikaweka nyingine. Ya pili ilitoka karibu safi, na siku hiyo ndiyo niliyoingia tena kwenye foleni kwa makusudi, nikiwa na karatasi ya daftari mfukoni. Mshale ulisimama kwenye 88. Nilishuka, nikaibandika karatasi kwenye kona ya juu ya grili, ikanata.